Samaki Wanahema Juu ya Maji: Kutafuta Kosa Katika Tangi la Kwanza la Mbuna

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 80. Nililijaza maji asubuhi, na jioni yake nikatia mbuna wanane, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia maji yakitulia mchana mmoja yanatosha. Siku ya tano wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Siku ya nane nilibaki na mmoja. Katikati hapo nilikuwa nimeshatia dawa ya fangasi na dawa ya madoa meupe, ingawa hakuna samaki aliyekuwa na fangasi wala madoa. Walikufa kwa sumu iliyotoka miilini mwao wenyewe, na kipimo kimoja cha maji kingenionyesha hivyo mapema.

Kwa hiyo hapa tutaanza na dalili unayoiona kwa macho, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mara nyingi utakuta chanzo ni maji.

Mbuna ni aina ya siklidi wa Afrika: samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Jina lao limetoka kwa Watonga wa upande wa Malawi, lakini waliokulia Liuli, Mbamba Bay au Matema wanawajua vizuri: ziwa likitulia unawaona chini ya mtumbwi wakikwangua mawe. Siklidi ni jamii moja na perege na sato tunaowala. Maji ya kwao ni maangavu, yana joto la nyuzi 24 hadi 28, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali majini, iko kati ya 7.7 na 8.6. Siklidi wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji mazito zaidi kwa madini, na pH yao hufika 9. Kumbuka namba hizo za pH, kwa kuwa ndizo zinazofanya kosa dogo kwenye tangi la siklidi liue haraka kuliko kwenye tangi la samaki wengine.

Kwanza vipimo

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH, pamoja na kipimajoto. Ni ghali kuliko samaki wawili watatu, lakini usipokuwa navyo unabahatisha tu. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi zinazofuata, pima kabla hujagusa kitu. Andika namba na tarehe kwenye daftari, pia uandike ulifanya nini siku mbili zilizotangulia: ulibadili maji, uliosha chujio, uliongeza samaki, umeme ulikatika. Mara nyingi jibu huwa kwenye mistari hiyo.

Wanahema juu ya maji, matamvua yanapiga haraka

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu wengi, na ina vyanzo zaidi ya kimoja. Jiulize imeanza lini.

*Tangi lina chini ya wiki sita.* Shuku amonia kabla ya kitu kingine. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo sana ukilinganisha. Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na kioo. Huota wenyewe polepole, kwa kawaida wiki nne hadi sita.

Sasa rudi kwenye pH. Amonia majini huwa katika hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyodhuru sana, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Kwenye joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na takriban nusu asilimia tu ya amonia katika hali ile kali. Kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye 8.5 inakuwa kama 15, na kwenye 9 ya Tanganyika inapita theluthi moja. Joto likipanda, sehemu hiyo huongezeka tena. Ndiyo maana mtu anayefuga samaki wa maji laini anaweza kukuambia kwa nia njema kwamba amonia kidogo si neno, na kwake ikawa kweli. Kwa mbuna wako kipimo hichohicho ni sumu mara kumi au zaidi.

Cha kufanya: badili nusu ya maji leo hii, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Acha kulisha kwa siku mbili. Mbuna mzima hafi kwa njaa ya siku mbili. Usioshe chujio. Usiongeze kitu chochote cha kupandisha pH. Kesho pima tena, na amonia ikiwa bado ipo, badili tena. Utaifanya kazi hiyo mpaka bakteria wakamate, hata kama ni kila siku kwa wiki mbili. Rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akikukatia kipande cha sponji ya chujio lake, kibebe kikiwa kimelowa, ukitie kwenye chujio lako siku hiyohiyo. Sijaona kitu kinachosaidia kuliko hicho.

Kama hujatia samaki bado, una bahati: tia punje za chakula kila siku, acha chujio na hewa vifanye kazi, upime. Siku utakapoona amonia na nitriti zote ziko sifuri, na nitrati inapanda, tangi liko tayari.

*Amonia ni sifuri lakini bado wanahema.* Pima nitriti. Hii huja baada ya amonia kuanza kushuka, na humfanya mtu adhani ameshavuka salama. Nitriti huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Matamvua yakipauka au kuwa ya kahawia badala ya mekundu, ni dalili yake. Badili maji kama hapo juu, kisha tia chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, ukiiyeyusha kwanza kwenye ndoo. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti kwenye matamvua, kwa hiyo nyingi haiingii mwilini. Mbuna huvumilia kiasi hicho bila shida.

*Wameanza saa moja au mbili baada ya kubadili maji.* Ni klorini. Maji ya bomba ya Dar es Salaam, ambayo sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, hutiwa dawa kama inavyotakiwa kwa afya zetu, lakini dawa hiyo huunguza matamvua. Weka maji kwenye pipa la wazi kwa saa 24 na jiwe la hewa likichemka ndani yake, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Mahali ambapo maji yanatiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyaacha pipani hakutoshi. Hapo dawa ni lazima. Halafu endelea kupima amonia kwa siku tano zinazofuata, kwa sababu klorini iliyowachoma samaki iliwaua na bakteria pia.

*Umeme umekatika.* Tangi lenye samaki wengi na maji ya moto humaliza hewa yake upesi. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa hewa hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita; yakifika 30 hubeba kama 7.5, huku samaki wenyewe wakihitaji zaidi. Pampu ya hewa ya betri ni kifaa cha lazima kwetu, nami ningeinunua kabla ya taa. Kama huna, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kila dakika kumi. Usilishe. Tahadhari nyingine ni ya chujio la nje, lile la mkebe uliofungwa: likikaa kimya saa nyingi, bakteria wa ndani hukosa hewa na kuoza. Umeme ukirudi, usiliwashe kwanza. Fungua, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mtu akiliwasha moja kwa moja humwagia samaki uozo wote huo.

*Ni Februari na unakaa pwani.* Maji yanaweza kufika nyuzi 31 bila hita yoyote. Fungua mfuniko, elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Uvukizaji utashusha nyuzi mbili au tatu. Jazia maji yanayopungua, lakini usihesabu kujazia huko kuwa ni kubadili maji, maana mvuke huondoka na kuacha madini na uchafu palepale. Mpwa wangu anayesoma Iringa ana shida iliyo kinyume: Julai maji yake yalishuka hadi 18, samaki wakakaa chini bila kula, naye akanipigia, "Mjomba, wanakufa." Walihitaji hita tu. Akapandisha joto taratibu kwa siku mbili, wakarudi kula.

Wanajikuna kwenye mawe

Mara moja moja ni kawaida. Wakijikuna mfululizo, wengi kwa pamoja, wasomaji wengi wataniambia ni vimelea. Inawezekana. Lakini amonia huwasha, nitriti huwasha, klorini huwasha, na pH iliyoruka ghafla huwasha. Pima. Vipimo vikiwa safi, washa tochi umwangalie samaki kwa ubavu: punje nyeupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi ni ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake hushambulika tu kinapoogelea huru majini, si kikiwa chini ya ngozi. Ndiyo sababu tiba ni ya muda mrefu: joto lifike 30 polepole, hewa iongezwe sana, chumvi gramu 2 kwa lita, uendelee hivyo siku kumi hadi kumi na nne hata kama madoa yameshapotea siku ya nne.

Doa la njano au la machungwa kwenye pezi la chini karibu na mkia si ugonjwa. Ni alama ya yai, wanazo hasa madume, na utaona kazi yake mbele kidogo.

Hataki kula

Mtazame kidevu, kisha tumbo.

Kidevu kimejaa kama ameficha kitu mdomoni, anatafunatafuna hewa, anajitenga: ni jike lenye mayai. Mbuna hulelea mdomoni. Jike hutaga, huyaokota mayai yake mara moja, halafu hugusa kwa mdomo zile alama za mayai kwenye pezi la dume na hapo hupata mbegu za dume za kuyarutubisha. Baada ya hapo hukaa takriban wiki tatu bila kula, au akila kidogo sana. Nimeona watu wakimtibu jike wa aina hiyo mpaka akatema watoto kabla ya wakati wao. Mwache atulie.

Tumbo limevimba, mavi ni meupe marefu kama uzi, anajificha, anatia chakula mdomoni na kukitema: huo ni uvimbe wa tumbo unaowasumbua sana mbuna, na siklidi waitwao Tropheus wa Ziwa Tanganyika zaidi. Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu mara nyingi tunausababisha kwa mapenzi. Mbuna ana utumbo mrefu wa mla majani. Ziwani siku nzima anakwangua ule utando wa mwani juu ya miamba. Sisi tunampa nyama ya ng'ombe ya kusaga, dagaa wa unga, mkate, asubuhi na jioni, mpaka abaki na tumbo kama chura. Maji machafu na kufukuzwafukuzwa na wenzake humalizia kazi.

Ukiwahi, samaki bado anaogelea vizuri, anapona. Mtenge kwenye ndoo au tangi dogo lenye hewa na sponji ya chujio lililokomaa, badili maji kila siku, usimlishe kwa siku tatu. Metronidazoli ndiyo dawa inayotumika. Mwone mtaalamu wa mifugo akupe kipimo kulingana na lita za maji, usikadirie kwa vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini. Ukiona magamba yamesimama kama koni ya msonobari, uwezekano wa kupona ni mdogo sana, nami sitakudanganya.

Wazima waliobaki wape chakula chenye spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, au njegere zilizomenywa ngozi. Wape kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja, mara mbili kwa siku. Siku moja kwa wiki wasile kabisa.

Mapezi yamechanika, mmoja amejibana pembeni juu karibu na hita

Usitafute dawa. Kuna mbabe. Mbuna dume hushika eneo na kulilinda, na kosa la anayeanza ni kuwaweka wachache kwenye tangi dogo: samaki sita ndani ya lita 80 maana yake mmoja anawapiga watano, kila siku, bila wao kuwa na pa kukimbilia. Tangi la kuanzia liwe na urefu wa sentimita 120, lita 200 au zaidi, na mbuna kumi na mbili hadi kumi na tano, dume mmoja kwa majike matatu au zaidi wa aina yake. Wingi huo hugawa hasira ya mbabe, lakini unadai chujio kubwa na kubadili maji theluthi moja kila wiki. Huwezi kuchukua nusu ya kanuni hii na kuacha nusu nyingine.

Kwa leo: mtoe mbabe kwa wiki moja, upange mawe upya kabisa, kisha umrudishe. Akikuta mipaka yake haipo tena, anaanza upya kama mgeni. Mawe yapange yafike juu, yenye matundu mengi, yazibe samaki wasionane kutoka kona hadi kona.

Chaguo la samaki linamaliza nusu ya ugomvi. Labidochromis caeruleus wa njano ni mpole kwa kiwango cha mbuna, anafaa kuanza naye. Melanochromis auratus akiwa mdogo anapendeza sana, njano yenye mistari myeusi, na ndivyo anavyouzwa. Dume akikomaa anageuka mweusi na kutawala tangi zima. Muache. Usichanganye pia mbuna na samaki wa dhahabu wala na wakimya wa Tanganyika, kama wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono.

pH inashuka wiki hadi wiki

Bakteria wakifanya kazi yao hula ule ugumu wa maji unaoshikilia pH. Maji ya mto ni laini, yanaishiwa upesi. Gogo la mti ndani ya tangi huongeza tatizo, kwa hiyo litoe. Tumia mchanga wa matumbawe uliooshwa sana, makombe ya pwani, au mawe ya chokaa. Dondoshea siki, jiwe likitoa povu lina chokaa. Ukihitaji kupandisha haraka kidogo, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwa lita 50, kimeyeyushwa, kigawanywe kwa siku mbili au tatu. Iwe bikaboneti ya sodiamu tupu, si beking poda, ambayo imechanganywa na asidi, wala hamira.

Sasa mtego wenyewe. Tangi lililosahaulika miezi kadhaa likashuka hadi pH 6 huwa na bakteria waliolegea, na amonia nyingi iliyokaa katika hali yake isiyodhuru. Samaki wanaonekana wazima. Mwenye tangi anapima pH, anashtuka, anatia soda nyingi siku hiyohiyo. pH inaruka, amonia yote inageuka kali, asubuhi wamekufa wote. Kwa hiyo pima amonia kwanza. Ikiwepo, itoe kwa kubadili maji kidogokidogo, asilimia 10 au 15 kila siku, na pH ipande nayo polepole.

Maji yamebadilika rangi

Meupe kama maziwa kwenye tangi jipya: bakteria waeleao, hupotea wenyewe, punguza chakula. Vumbi jeupe saa chache baada ya kujaza: mchanga haukuoshwa vya kutosha. Kijani: jua la dirishani au taa inayowaka mchana kutwa; saa nane zinatosha.

Kioo kimepasuka chini, au tangi limeegemea

Lita moja ni kilo moja, ongeza kioo, mchanga na mawe. Tangi la lita 200 linapita kilo 250, na kabati la nguo halijatengenezwa kwa mzigo huo. Meza iwe ya chuma au mbao nene, imepimwa kwa pima-maji, na karatasi ya povu chini ya kioo. Mawe makubwa yaweke moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kwenye kipande cha povu, kisha ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, mbuna watafukua chini yake usiku na yataanguka. Tangi ulilotengenezewa na fundi wa vioo lijaze nje uani kwa siku tatu kabla ya kuliingiza sebuleni.

Utando wa kahawia juu ya mawe

Huja wiki ya tatu au ya nne, na wageni hukuambia tangi limechafuka. Futa kioo cha mbele ili uone. Mawe yaache kama yalivyo. Keshokutwa utawaona wote wamepanga foleni vichwa chini, wakikwangua.